Mistari Mitatu ya Chini

Tarehe 9 Januari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula chakula cha maana na si mikate mikavu kama ulivyozoea. Sisi huku hatujambo. Shangazi yako hajambo, na mdomo wake ndio haujambo zaidi. Mimi mwili unanitii, isipokuwa jicho.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu husema halafu husahau. Mtu aliyemaliza miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha chapa, akipanga herufi moja moja za madini ya risasi, anataka neno likae mahali pake.

Jicho la kushoto unajua lilishazima zamani. Sasa hili la kulia nalo limeanza mchezo. Mstari ulionyooka nauona umepinda katikati, na mtu akisimama mbele yangu naona masikio na nywele, pua imekwenda matembezini. Daktari anasema ni sukari. Vishipa vya nyuma ya jicho vinavuja, maji yanatuama pale pale tunapotumia kusomea, na pakishavimba basi. Hapo kliniki wana utafiti. Kuna dawa mbili za kudungwa ndani ya jicho, moja ya zamani na moja mpya, wanataka kujua ipi inakausha maji vizuri zaidi. Kompyuta ndiyo inayochagua nani apate ipi. Mimi sijui nimepewa gani, na anayenipima hajui. Nimesomewa fomu kurasa kumi na mbili, nikatia sahihi.

Sasa nikuambie lililonikera. Anayepima ni binti mdogo kuliko wewe, mpole, amevaa raba nyeupe. Nimempa jina la Mwalimu, kwa sababu ananikalisha kwenye kiti, ananiziba jicho la kushoto, kisha ananyoosha mkono kwenye ubao wa herufi na kusema, "Haya, mzee wangu, soma." Mimi! Nisome! Nilisoma mistari minne ya juu vizuri, mstari wa tano nikababaika, wa sita nikaona ukungu mtupu. Akasema, "Bahatisha tu, baba, kubahatisha kunaruhusiwa." Nilipopatia moja akaniambia, "Hongera!" Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mtu niliyekuwa nikisoma herufi kichwa chini miguu juu, tena kinyumenyume, napewa hongera kwa kuitambua K.

Bwana aliyenitangulia alikuwa na jicho zima la kulia, akateremka mpaka chini bila kupumua. Mlango ulikuwa wazi na masikio yangu hayana sukari. Mistari mitatu ya chini niliyoisikia ni hii, ujionee upuuzi wenyewe:

R K D S N
H V D N C
Z S O K N

Hayo ndiyo yaliyomshinda babako. Usimwambie mtu.

Ni mimi,
Babako


Tarehe 23 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimefunga mlango. Mimi hapa ni mzima, na mikate mikavu nimepunguza. Msalimie Shangazi, mwambie aliyeko mbali naye anasikia mdomo wake.

Baba, aibu ya nini? Jicho likiumwa linaumwa, hata la fundi. Kwani mpishi akivunjika mkono tutasema hajui kupika? Nenda ukadungwe, ukubali kila wanachokuambia.

Halafu hizo herufi ulizoandika zimenirudisha mbali. Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma? Kila herufi lazima izae neno, na maneno lazima yakutane yawe sentensi, ya kipuuzi kadiri inavyowezekana. Mpaka leo majina ya chumvi na dawa zote za maabara nimeyahifadhi hivyo. Basi nikakaa na mistari yako wakati wa chai, na hii hapa:

Rafiki Kamwambia Dobi: Simama Nje.
Huyu Vipi? Dereva Ndiye Chakari!
Zulia, Shangazi! Ondoa, Kuna Nge!

Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakanitazama. Ya mwisho msomee mwenyewe asikie.

Kazini mambo yamechafuka kidogo. Tunapima maji ya mji mzima, kila kituo mara mbili kwa siku. Mwenzangu mmoja, yule mwenye watoto mapacha, nikagundua alikuwa akijaza vipimo vya mchana bila kupima. Anatazama vya asubuhi, anaongeza nukta mbili, anaandika. Nikampeleka kwa mkubwa. Ameondolewa. Baadhi ya wenzangu hawanisalimii sasa, lakini namba ikiandikwa bila kupimwa kuna mtu atayanywa yale maji. Wewe ndiye uliyenifunza hivyo.

Pona haraka.

Mwanao


Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Upo salama? Sisi tupo, na leo nina habari njema mpaka kalamu inakimbia.

Nimeshadungwa mara tatu. Usiogope neno lenyewe. Wanatia matone ya ganzi, wanakubana kope kwa kijiwaya, wanasema tazama juu kushoto, na kabla hujamaliza kutishika wamemaliza. Kilichobaki ni kama mchanga jichoni hadi jioni. Shangazi yako alitaka kunilisha kwa kijiko, nikamwambia nimedungwa jicho, si mikono.

Na limeshika! Mara ya pili tu niliona pua ya Mwalimu, na ni pua nzuri. Juzi alipotazama karatasi yake alipiga makofi. Nimeshuka mpaka mstari wa mwisho. Kwa hesabu yao, inayomwongezea kila mtu thelathini za kuanzia, nilianza na herufi hamsini na mbili, sasa ni themanini na nne. Daktari mkuu wa utafiti alitoka ofisini kuja kuniangalia mwenyewe. Akanishika bega mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, akasema, "Mzee huyu anatupa moyo." Yule bwana aliyenitangulia siku ile, yeye jicho lake baya limegoma pale pale. Aliniuliza nakula nini.

Nimetembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Babako


Tarehe 27 Machi

Baba,

Shikamoo sana! Themanini na nne! Nimetangaza maabara nzima, hata wale wasionisalimia wamesikia. Nimelia kidogo, usiniulize kwa nini.

Niandikie kila kitu. Unasoma gazeti sasa?

Mwanao mwenye furaha


Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Usininunie kwa kukawia, nilikuwa na shughuli. Afya ni nzuri. Shangazi yako anakohoa lakini anakohoa kwa kelele, kwa hiyo ana nguvu.

Sindano zimesimama tangu mwezi wa nne. Si kwamba kuna ubaya. Utaratibu wa utafiti wao ndivyo ulivyoandikwa: anayefika herufi nyingi kiasi changu anapumzishwa, anapimwa tu kila mwezi, akishuka ndipo wanamdunga tena. Mashine ya kupiga picha nyuma ya jicho inaonyesha maji bado yapo kidogo. Daktari alizitazama picha, akatazama karatasi ya herufi, akatazama picha tena. Akasema, "Mzee, jicho lako linatushangaza." Nikacheka naye. Nilichekea nini sijui.

Gazeti bado sijaanza. Maandishi yao siku hizi ni madogo na wino wao hafifu, kazi ya ovyo kabisa. Jana nilimimina chai pembeni ya kikombe, Shangazi yako akasema, "Wewe si unaona mpaka chungu wa jirani?" Ana maneno huyo. Hewa nayo ina vumbi mwezi huu.

Usijali.

Babako


Tarehe 3 Juni

Baba,

Shikamoo. Nakuombea afya, na leo nina swali zito, kwa hiyo nivumilie.

Ukurasa wa pili wa barua yako sikuweza kuusoma upesi. Si kwa mwandiko. Umeandika mistari miwili mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine. Ile habari ya chai imekaa juu ya habari ya vumbi. Nilitumia jioni nzima kuyatenganisha maneno, na kila nilipolitoa moja nilijua zaidi. Wewe ulikuwa ukiona nafasi ya unywele kati ya herufi mbili.

Nakuuliza kama mwanao na hakuna mwingine anayesoma hapa. Mistari mitatu ya chini, uliiona kwa jicho, au ulisema Shangazi aondoe zulia?

Ukiwa umeiona, nitakuomba radhi kwa magoti. Kama hukuiona, basi wamekunyima dawa kwa sababu ya zile sentensi zangu, na kila mwezi maji yanakaa pale yakiharibu. Hilo jicho ni moja tu, Baba. Nenda kawaambie. Nenda kesho.

Mwanao


Tarehe 30 Juni

Baba,

Shikamoo. Karibu wiki nne bila jibu. Nimepiga simu, Shangazi anasema umelala. Nimepiga saa nne asubuhi, umelala. Saa kumi jioni, umelala. Tangu lini wewe ukalala mchana?

Nimemwandikia daktari wa utafiti. Nimeeleza yote, mpaka sentensi nimeziandika. Bahasha iko mezani mbele yangu na anwani ipo. Sijaituma. Nikiituma nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya watu, nisipoituma utapofuka nikitazama. Sijui nifanye lipi. Niambie wewe.

Mwanao


Tarehe 7 Julai

Mwanangu,

Salamu. Usitume.

Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, na nimeweka rula ili mistari isipandiane. Ukiona maneno machache, ni kwa sababu hiyo na kwa sababu ya soni.

Sikukusudia. Nataka ulijue hilo kwanza. Baada ya sindano ya pili niliona kweli, nilishuka mpaka mstari wa nane kwa jicho langu mwenyewe, haki ya Mungu. Halafu chini ya hapo ukungu ukarudi, Mwalimu akasubiri, na mdomo ukasema wenyewe rafiki kamwambia dobi. Nilisikia sauti yangu ikitaja herufi. Yeye akasema, "Enhe! Enhe!" Nikashindwa kunyamaza. Tangu jicho liharibike watu wananisemesha polepole, kama mtoto au kiziwi. Siku ile nilisemeshwa kama fundi.

Baada ya hapo nilinaswa. Mwezi uliofuata ningesoma kidogo, wangesema dawa imeshindwa. Nikajidanganya kwamba naisaidia dawa, kwamba ikionekana nzuri watapewa na wengine. Mimi nani wa kuamua dawa ni nzuri? Tupo watu mia tatu kwenye hesabu ile. Mmoja wao anasema uongo, naye ni babako aliyekuchapa kiganjani kwa kubandika jina lako kwenye mchoro wa mwenzako.

Sasa nakuona hata wewe huna uso. Nikikuwaza, katikati kuna doa.

Kipimo kijacho ni tarehe 12. Niache niseme mwenyewe. Ukituma barua yako utakuwa umesema kweli, lakini mimi nitabaki nimekamatwa. Naomba hilo tu.

Babako


Tarehe 10 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Nimempa barua hii dereva wa basi anipelekee haraka ikufikie kabla ya siku yenyewe. Shangazi akusomee. Hata sehemu hii inayofuata, asome kwa sauti, nastahili.

Bahasha nimeichana. Nenda useme mwenyewe.

Lakini usiubebe mzigo wote. Nilipokuwa nikitunga zile sentensi, nilijua. Nilijua mtu mwenye akili yako akishashika maneno yale hayamtoki, na nilijua ungekaa tena kwenye kile kiti. Wazo lilinipitia waziwazi, nikatabasamu, nikaendelea kutunga. Nilitaka babangu asiaibike mbele ya binti mwenye raba nyeupe. Na katika barua ile ile nikajisifu kwa kumfukuzisha kazi mwenzangu.

Jumatatu nilikwenda kwake. Anauza vifaa vya mabomba sasa. Sikuwa na la kumrudishia, kazi haikuwa yangu kuitoa. Nikamwambia tu kwamba alichofanya kilikuwa kibaya na mimi nimefanya hicho hicho, kwa jicho la babangu. Kisha akauliza kama nilikuja kununua kitu. Nikaondoka. Njia nzima masikio yaliniwaka moto.

Mwanao


Tarehe 4 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mdomo safari hii, maana mkono si wangu. Tuko salama kadiri ya kuwa salama. Shangazi yako anakusalimu na anasema yeye alijua tangu siku ya chai.

Barua yako ilifika asubuhi ya tarehe 12. Shangazi aliisoma mara moja, hakutia neno lake, na kwake huo ni muujiza.

Nilikaa kwenye kiti. Mwalimu akaniziba jicho, akasema, "Haya, mzee wangu, tuwaonyeshe." Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu nikakosa mbili. Nikaishia hapo. Akasema, "Endelea." Nikasema, "Hayo ya chini sijawahi kuyaona." Akadhani nasema za leo. Akafuta miwani ya kupimia, akapandisha taa, akaniambia nipumzike nijaribu tena. Ikabidi niseme mara ya pili, na mara ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu ya kwanza nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo niliyasikia mlangoni kabla sijayasoma. Nimekudanganya miezi minne."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti chake kidogo chenye magurudumu, na nikasikia kalamu ikianguka, hakuiokota.

Daktari aliitwa. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Akauliza kama nilifundishwa na mtu. Nikasema nilifundishwa na masikio yangu. Nisamehe, hapo nilikuficha, na hilo nalo nimerudi kulisema wiki hii, wameliandika. Nimetolewa kwenye utafiti. Herufi zangu zote zinapelekwa kwa wanaousimamia pamoja na maelezo, wao ndio watakaoamua zifanyweje. Bwana yule wa benchi alikuwa nje, na mlango, unajua, haufungi vizuri. Nilipotoka alisogea kunipisha. Hakuniuliza nakula nini.

Hawakunifukuza kliniki. Natibiwa kama mgonjwa wa kawaida, na nimeshadungwa mara moja tangu siku hiyo. Nilimuuliza daktari anipe ukweli kwa kuwa mimi nimempa wangu. Akasema maji yatakauka, lakini pale yalipokaa muda mrefu pameacha kovu, na kovu halisomi. Nitauona mlango, nitakuona wewe ukija, umbo lako na nguo zako. Herufi ndogo nimeagana nazo. Ningekuja mwezi wa nne na kusema, pengine isingekuwa hivyo. Alisema pengine, na mimi nalala na hiyo pengine.

Sasa anayeandika. Ni Mwalimu. Nilimwomba mwenyewe, leo baada ya kliniki, kwenye chumba chao cha kunywea chai. Shangazi angeweza, lakini angepamba. Nilimwambia binti huyu kwamba nataka aandike kila ninachosema, na ninachosema ni kwamba nilimwaibisha kazini. Naye ameitwa ajieleze kwa nini hakugundua. Ananiambia sasa hivi niongeze jambo, nami naliongeza kwa ruhusa yake: mwezi wa tatu aliona nasoma bila jicho kutembea, akashuku, akanyamaza kwa sababu alikuwa na furaha. Amelia akiliandika hilo. Nimesubiri amalize.

Nimemwomba asinisomee tena alichoandika. Miaka thelathini na minne hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwangu bila kupitiwa mara mbili, na hii itatoka hivi hivi. Sina njia ya kujua kilichomo. Naona aibu, mwanangu, lakini si ile ya Januari. Ile ilinifanya nijifiche. Hii imenileta hapa mezani.

Njoo ukipata likizo. Usinisemeshe polepole.

Nitatia sahihi mwenyewe.

Babako


Dada, hujambo. Mimi ndiye niliyeandika. Sijaongeza wala kupunguza neno. Sahihi ya mzee imeanzia kwenye karatasi ikamalizikia mezani. Nimemwambia. Amesema niiache hivyo hivyo.